Kidirisha cha Kona

Tarehe 3 Machi

Kaka Kovu,

Kaa kwanza. Kama uko chini ya gari la mtu, toka, futa mikono, kaa.

Leo mkurugenzi wa kituo kaniita ofisini. Nikajua kazi imekwisha, maana tangu ile taarifa ya habari niliyotafsiri nikiwa na rangi ya mdomo kwenye meno sijawa na amani. (Barua yako ya kunicheka bado ninayo.) Kumbe anatabasamu. Kaninyooshea mkono, kasema kuna kamati inayotoa tuzo kila mwaka kwa watu wanaotetea haki za watu wenye ulemavu, na mwaka huu kamati hiyo imetuchagua. Sisi, Kaka! Kwa ajili ya mkalimani wa lugha ya alama kwenye taarifa ya habari. Sherehe ni mwezi ujao, kwenye ukumbi mkubwa huku mjini, na itaonyeshwa moja kwa moja.

Nilipotoka ofisini nilipita langoni makusudi. Nilisimama pale pale mlipokuwa mnakaa, wewe na mkeo Shavu na wenzenu, na mabango yenu, jua kali na mvua kubwa, mkidai viziwi nao wapewe habari za nchi yao. Mlinzi bado ni yule yule. Nilimkumbusha siku alivyowapigia kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na wewe ukamwandikia kikaratasi: "Pumzika, utaumia koo." Alicheka, akasema anakikumbuka.

Kila jioni nikiingia kwenye kile kidirisha cha kona ya televisheni, nikianza kusogeza mikono, najua alama zote ni zako. Wewe ndiye uliyenifundisha, tumekaa kwenye ngazi za nyumbani, Mama akigomba kwamba mtoto mwenye masikio mazima ataacha kusema. Ungemwona sasa.

Bado sijaelezwa mipango yote. Nikijua zaidi nitaandika. Msalimie wifi yangu. Mwambie aanze kufikiria kitambaa.

Mdogo wako,
Mdomo


Tarehe 10 Machi

Mdomo,

Barua yako niliisoma mara moja peke yangu na mara ya pili nimesimama juu ya tairi, natafsiri kwa mikono mbele ya gereji nzima. Tajiri wetu, unamjua asivyopenda kazi isimame, leo alizima mwenyewe mashine ya kupuliza rangi. Wenzangu wenye masikio walipiga makofi. Mimi na yule fundi kiziwi wa rangi tulitikisa mikono hewani mpaka vumbi likadondoka kwenye dari.

Shavu hakufikiria kitambaa, alishanunua. Ananishonea suti. Amenipima, ameshona, amenivalisha, akabana kiuno, jana kakibana tena. Anasema gereji inanila. Mimi nasema futi yake ya kupimia imelegea, nyumba nzima haina amani.

Sasa nisikilize (unaona? nami natumia neno hilo). Nimefikiria tutasema nini jukwaani. Tusiwashukuru sana, watasinzia. Tuseme habari za hospitali. Unamkumbuka yule dada kiziwi muuza mkaa, aliyepelekwa kujifungua? Walimpasua. Mtoto hakuishi. Yeye alirudi nyumbani akijua ametolewa mtoto tu, mwaka ukapita anangoja mimba nyingine, mpaka siku moja Shavu alimsindikiza kwa daktari na kalamu na karatasi, ndipo akaandikiwa kwamba hana tena kizazi. Kumbe siku ile waliwahi kumwambia. Walimwambia kwa mdomo, amelala, macho yamefungwa.

Taarifa ya habari tumeipata. Najua leo mawaziri wamefungua nini na wamefunga nini. Lakini nikiumwa, nani ataniambia naumwa nini? Hilo ndilo la kusema. Wewe utatoa sauti, mimi nitatumia mikono. Bega kwa bega, nataka waone maneno yanatoka wapi.

Halafu, Jumanne umekosea. Ulitaka kusema daraja limevunjika, ukasema kitanda cha waziri kimevunjika. Tumecheka hapa mpaka tukashindwa kufanya kazi. Na Ijumaa macho yako yalikuwa mazito. Una nini? Usisahau mimi nakuona kila siku, wewe ndiye usiyeniona.

Kaka yako,
Kovu


Tarehe 14 Machi

Kwa Katibu,
Kamati ya Tuzo

Ndugu Katibu,

Nashukuru kwa barua yenu rasmi niliyoipokea juzi. Nimeona imeandikwa jina langu peke yake. Nadhani kuna jambo halikufika vizuri kwenu.

Mimi ni mkalimani. Nina masikio yangu mawili na nalipwa mshahara kwa kazi hii. Aliyeipigania ni kaka yangu, kiziwi, fundi wa kunyoosha bodi za magari, pamoja na mkewe na wenzao. Wao ndio waliokaa langoni pa kituo, wakaandika barua, wakafukuzwa, wakarudi. Mimi niliingia mlango ulipokuwa umekwisha kufunguliwa.

Naomba tuzo iandikwe jina lake. Kama hilo ni gumu, basi majina yetu yote mawili, na yeye apande jukwaani na kusema. Kaka yangu tayari anajiandaa.

Wenu,
Mkalimani wa taarifa ya habari


Tarehe 21 Machi

Dada Mpendwa,

Kamati imeisoma barua yako na imeguswa sana na unyenyekevu wako. Hata hivyo, kwa mujibu wa taratibu zetu tuzo hii hutolewa kwa mtu mmoja, na kadi za mwaliko zimeshachapwa. Naomba pia ulitazame jambo hili kwa upana. Wananchi wanakujua wewe. Sura yako inaingia kila nyumba. Ukisimama wewe, watu watatega sikio.

Kuhusu kaka yako kusema jukwaani, tumeliangalia tukaona ugumu wake. Sherehe haitakuwa na mkalimani, kwa kuwa mkalimani ni wewe, nawe siku hiyo ni mgeni wetu wa heshima na si vyema ufanye kazi. Tukizingatia hilo, na urefu wa hotuba, tunahofia atachoka bure. Tunashauri abaki nyumbani na kufuatilia kwenye televisheni, ambako, kwa juhudi zako, viziwi sasa wanaweza kufuatilia kila kitu.

Tunakutakia maandalizi mema.

Katibu


Tarehe 28 Machi

Kaka,

Nisamehe kuchelewa. Kazini wametubana.

Mambo ya sherehe yana vurugu zake. Nafasi za kukaa zimekuwa chache kuliko walivyosema mwanzo, na watu wa kusema jukwaani wamepunguzwa. Nimefikiria, safari ni ndefu, barabara yenyewe unaijua, na utakaa masaa mengi kwenye kiti unaangalia midomo ya watu. Naona heri usije. Nitakuwakilisha. Yale ya hospitali nimeyaandika yote, nayasoma kila asubuhi, hata la yule dada muuza mkaa nitalisema kama ulivyolisema. Halafu Jumapili inayofuata nitapanda basi niilete tuzo yetu nyumbani, tuiweke juu ya kabati la Shavu, tule, tucheke.

Suti usiitoe kwenye mfuko. Utaivaa siku hiyo nikija.

Umeuliza macho yana nini. Ni taa za studio tu, zimebadilishwa, zinaunguza.

Usinikasirikie.

Mdomo


Tarehe 5 Aprili

Mdogo wangu,

Jana tajiri wetu kaja na gazeti amelikunja kwapani, anatabasamu. Kalifungua juu ya boneti ya gari nililokuwa nalinyoosha. Picha yako kubwa, umependeza. Chini wameandika: "Sauti ya wasio na sauti." Nikasoma mpaka mwisho, nikarudia. Nilidhani nimeruka mstari. Gereji yetu haimo, lango halimo, Shavu hayumo. Mimi nimo, niseme haki: wameandika kwamba ulijifunza lugha ya alama "kwa huruma, kwa sababu ya ndugu yake mwenye matatizo."

Tajiri akanipiga bega kwa furaha. Nikamwitikia kwa kichwa. Nikachukua nyundo, nikagonga bati ovyo, nikaliharibu. Miaka yote hii sijawahi kuharibu bati. Unajua mimi huwa naweka kiganja juu yake nafuata bonde taratibu mpaka linyooke. Jana kiganja hakikuhisi chochote.

Kwamba hawakunipa tuzo, Mdomo, hilo nimelizoea. Nilizaliwa nasikia, nikaugua, nikaacha kusikia, tangu siku hiyo watu wanaongea juu ya kichwa changu na mtu aliye pembeni yangu. Dukani wanamuuliza Shavu ninachotaka, Shavu naye kiziwi. Nimezoea.

Kinachoniuma ni wewe. Uliandika "sisi". Uliandika "tuzo yetu". Kisha ukaniambia viti vimejaa. Umenifanyia kama wanavyonifanyia wao wote: asiambiwe, atachoka, ataumia, tutamweleza baadaye. Nilidhani duniani kuna mtu mmoja mwenye masikio anayeniambia jambo lilivyo. Ningekasirika, ndiyo. Ningekutukana kwa mikono yote miwili. Halafu ningekwambia nenda kaichukue, maana wakikuona wewe watatazama, na sisi tunahitaji watazame. Ningekwambia mwenyewe! Ungeniuliza tu.

Sasa nakwambia: nenda. Usiikatae, kuikataa kutakusaidia wewe, hakutamsaidia yeyote anayelala wodini bila kujua anaumwa nini. Ila sema ya hospitali.

Jana jioni televisheni ilipowashwa nilitoka nje. Mara ya kwanza tangu uanze kazi hiyo.

Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Kovu


Tarehe 13 Aprili

Kaka yangu,

Ulisema nisiandike. Nimevumilia, leo nimeshindwa, na kama utaichana barua hii basi ichane ukishamaliza kuisoma.

Ulinitazama jana? Niambie ulinitazama. Nilimwomba Mungu mtu wa gereji awashe ile televisheni, hata kama uligeuka, Shavu akuvute shati.

Nimekwenda kama ulivyosema. Ukumbi umejaa, mbele wamekaa wakubwa, kuna maua mpaka kwenye vipaza sauti. Wakanisifu. Katibu kasoma maisha yangu, nikajisikia kama wanamsoma marehemu. Wakanipa kioo kizito, ndiyo tuzo yenyewe, nikakiweka chini sakafuni, mikono iwe huru. Kipaza sauti nikakisogeza pembeni. Nikafunga mdomo.

Nikasema kwa mikono, Kaka. Hotuba yote, mwanzo mpaka mwisho. Nilianza na jina lako, kidole juu ya nyusi, kwenye lile kovu ulilopata kwa ukingo wa bati, nikasema: haya si yangu, ni ya huyu. Nikasema ya lango. Nikasema ya yule dada muuza mkaa, taratibu, kama ulivyonifundisha kulisema jambo la msiba. Nikasema tunataka wakalimani hospitalini, mchana na usiku, kwa sheria, si kwa huruma. Katibu alinijia akaninong'oneza, "Dada, sauti, tafadhali, hawaelewi." Nikaendelea. Nilitaka mara moja tu wakae vile ulivyokaa wewe maisha yako yote.

Unajua walifanya nini? Walisimama wakapiga makofi. Mama mmoja alinishika mikono akasema ni mizuri, kama ndege. Walidhani ni onyesho! Hawakujua hata neno moja. Nilicheka mpaka nikalia, wakapiga makofi tena.

Sijui kama nimefanya vizuri au nimeharibu. Wewe ndiye utakayeniambia. Ninajua kosa langu, na hilo nataka kukuambia uso kwa uso, siyo kwa kalamu. Jumapili niko kwenye basi la asubuhi. Usiponifungulia mlango nitakaa kwenye ngazi, najua kukaa kwenye ngazi.

Mlinzi wa kituo ananigongea, anasema kuna ujumbe wa simu umenisubiri kwake tangu jana mchana, umetoka kwa mwenye duka wa mtaani kwenu. Shavu huyo, ametuma mtu aniulize nalala wapi nikija. Ngoja nikausikilize, nitamalizia baadaye


Tarehe 24 Aprili

Wifi yangu Shavu,

Barua hii nimeianza mara nyingi. Ya mwisho niliyomwandikia Kaka sikuimalizia, ninayo hapa.

Siku ya mazishi nilikuja mbele yako nikakuuliza ilikuwaje, ukageuza uso. Mtu mwingine angedhani umetazama pembeni tu. Mimi najua kwetu maana yake ni nini. Nikanyanyua mikono tena ukafumba macho. Sikulaumu. Ningekuwa wewe nisingenifungulia hata geti.

Lakini, wifi, sijui chochote. Mwenye duka alisema kwenye simu: "Fundi kazidiwa, yuko hospitali." Nilipofika alikuwa ameshahifadhiwa chumba cha maiti. Daktari kaniambia ni kidole tumbo, kilipasuka, sumu ikaenea, amechelewa kuletwa. Amechelewaje? Alikuwa anaumwa tangu lini? Hakuniandikia neno. Mimi natazama barua zake natafuta, naona kiuno cha suti kinachobanwa tu.

Nimerudi kazini. Natafsiri habari. Naingia kwenye kile kidirisha, nainua mikono, na sijui tena namwambia nani.

Jambo la pili nakuambia kwa sababu safari hii sitaficha hata moja. Katibu wa Kamati ameandika. Amepata habari za msiba, ametoa pole, na amesema kamati imekutana na imeona inafaa kumtunuku marehemu tuzo ya heshima, taratibu zinaruhusu. Wanataka wewe upande jukwaani uipokee, umevaa nguo nyeusi. Wamesema mkalimani atakuwepo.

Sijawajibu. Jibu ni lako.

Ukitaka kunitukana nitukane. Ila nieleze siku ile ilikuwaje.

Wifi yako


Tarehe 6 Mei

Wifi,

Mimi si mwandishi kama ndugu yako. Kiswahili changu ni cha shule ya viziwi, kinakwenda moja kwa moja. Nivumilie.

Tumbo lilianza kabla ya barua yako ya kwanza. Lilikuwa linakuja na kuondoka. Nilimwambia twende hospitali, twende na wewe uje utusemee. Akasema, "Akijua atakuja, akija atakosa jukwaa. Tungoje tuzo ipite." Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Baada ya gazeti nikamwambia tena, tumwite mdogo wako. Akasema, "Simwiti." Hiyo ni ya pili. Nakuandikia zote mbili kwa sababu umesema hutaki kufichwa, na mimi siwezi kubeba moja peke yangu.

Siku ya sherehe aliamka hawezi kusimama wima. Tulifika hospitali asubuhi. Niliandika kwenye karatasi: mume wangu ni kiziwi, mimi pia, tumbo linamuuma sana. Karani wa dirishani alisoma, akachukua jina, akatuonyesha benchi. Tukakaa.

Pale wanaita majina kwa mdomo. Unajua. Anakaa ndani ya kioo anaita, mtu anainuka anaingia. Sisi tukawa tunatazama mdomo wake lakini kioo kina mwanga, na watu wanasimama mbele. Waliokuja nyuma yetu wakaingia. Nikaenda dirishani na karatasi yangu. Akanionyesha mkono, kaa, utaitwa. Nikakaa. Nikaenda tena. Akakasirika, akaongea sana, nikaona meno yake tu. Nikamkimbilia mwenye duka akupigie simu, nikarudi mbio. Kovu yuko vile vile, amejikunja, jasho linadondoka kwenye sakafu.

Ukutani kuna televisheni. Wote walikuwa wanaitazama. Nikainua macho nikakuona.

Nikamgusa, nikamwelekeza kidole. Hukuwa kwenye kona, ulikuwa umejaa kioo chote. Ukaanza na jina lake. Akanyooka, wifi. Sijui nguvu aliitoa wapi. Ukumbi ule wa hospitali ulijaa, hakuna aliyejua unasema nini, walikuwa wanatazama mikono tu. Sisi wawili tu ndio tuliokusikia. Uliposema hospitali, akaangalia benchi, akaangalia dirisha, akaanza kucheka. Kucheka kulimuumiza, akashika tumbo, akaendelea kucheka. Akaniambia, "Anawasimulia habari zetu, na sisi tuko hapa hapa." Ulipomaliza akanyanyua mikono juu akatikisa vidole, makofi yetu. Mama aliyekaa karibu alimvuta mtoto wake akahamia benchi la mbali. Alidhani ni kichaa.

Utataka kujua kama alikusamehe. Hakusema. Sitakudanganya. Alisema, "Mikono yake imeharakisha mwisho. Nitamwambia." Halafu akalala mapajani mwangu. Ndiyo maneno yake ya mwisho kwa mikono. Baadaye mikono haikuweza.

Alipoanza kutapika ndipo wakaja mbio na kitanda. Nikawa nauliza, hakuna anayejibu. Wakamwingiza chumba cha upasuaji, nikabaki mlangoni na viatu vyake. Daktari alipotoka aliongea na mimi muda mrefu. Niliona amevua kofia, nikajua.

Siku ya tatu nilirudi kumuuliza karani kwa karatasi. Aliandika: "Nilimwita mara nyingi. Hakuitika, nikajua ameondoka. Faili nikaliweka chini." Si mtu mbaya. Ningependa angekuwa mbaya.

Kuhusu tuzo. Tulikutana gereji, viziwi wote, na tajiri alikuwepo. Yule dada muuza mkaa alisema nimjibu Katibu hivi: jukwaani hatuji. Kama wanataka kumheshimu Kovu, waje wao. Waje na Katibu, wazibe masikio kwa pamba, wakae kwenye benchi lile kuanzia asubuhi wangoje kuitwa. Sisi tutakaa nao. Mwandikie hivyo hivyo, usilainishe. Na daktari mkuu amekubali kutuona mwezi huu. Tunahitaji mkalimani. Nimeona aibu kukuomba, nikakasirika, nikaona aibu tena. Njoo. Bado nina hasira na wewe, lakini njoo, utalala hapa nyumbani.

Nimalizie la jana. Nilikwenda hospitali kuchukua cheti cha kifo. Nikakaa benchi lile lile, sikutaka kukaa kwingine. Yule karani aliniona kupitia kioo. Zamu yangu ilipofika hakuita. Alifungua mlango wa pembeni, akatoka, akapita katikati ya watu, akaja mpaka nilipokaa, akanigusa bega.

Nikalia pale pale, watu wakanizunguka. Walidhani nalia kwa sababu ya cheti. Wifi, nililia kwa sababu niliona jinsi lile dirisha lilivyo karibu na benchi.

Shavu